Watumishi wa Gari za Wagonjwa: Uongozi, Maendeleo ya Kazi na Hali Zao

(Maelezo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya mkutano wa viongozi wa zamu, wauguzi na madereva wa gari za wagonjwa. Yanachapishwa kwa ukamilifu kwa faida ya wale waliokuwa zamu siku hiyo na hawakuweza kuhudhuria.)

Nilipopokea barua ya mwaliko nilidhani imekosea njia, kwani mimi si daktari, si muuguzi, wala sijawahi kushika usukani wa gari ya wagonjwa. Elimu yangu ni ya chuoni na ya skuli ya sekondari, na utumishi wangu wote umekuwa wa kalamu: kuandika taarifa, kuzisahihisha na kuzipeleka kunakohusika. Lakini nilipoisoma barua hiyo mara ya pili niliona kuwa ninalo la kusema, na la kwanza ni kukiri kosa langu mwenyewe.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika taarifa za kupokelewa gari za wagonjwa. Taarifa hizo zinafanana kama sare za skuli. Hutajwa idadi ya gari, vifaa vilivyomo, aliyekabidhi, aliyepokea, na shukrani za pande zote mbili. Picha yake huonesha ufunguo ukitoka mkono mmoja kwenda mwengine. Nilipokuwa nikijitayarisha kuja hapa nilifungua jalada nilimohifadhi nakala za taarifa hizo, nikazisoma moja baada ya moja hadi adhuhuri. Sikuona hata moja iliyomtaja dereva atakayeiendesha gari hiyo usiku wa manane, wala muuguzi atakayepiga magoti nyuma akishikilia dripu huku gari ikiruka mashimo. Gari ilitajwa hadi nambari yake ya usajili. Mtu hakutajwa.

Kosa hilo si la uandishi tu. Mwenye kuhesabu gari akasahau watu huishia kuamini kuwa huduma imekamilika siku gari inapotoka bandarini. Nanyi mnajua zaidi kuliko mimi kuwa siku hiyo ndiyo kwanza kazi inaanza. Gari haijui kuwa mama aliyelazwa ndani yake anatoka damu, haijui kumgeuza ubavu mtu anayetapika, na haijui kumwambia mume aliyepanda pamoja naye maneno ya kumtuliza. Yote hayo yanafanywa na watu, na watu huchoka, hukata tamaa, na wakati mwengine huondoka.

Ili nilieleze jambo hili bila ya kumnyooshea kidole yeyote hapa kwetu, naomba ruhusa yenu niende mbali kidogo, hadi Marekani, kisha nitarudi nyumbani kwa njia ya Nairobi.

Mnamo mwaka 1966 Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ilitoa ripoti juu ya vifo vya ajali. Ripoti hiyo ilieleza kuwa katika mwaka 1965 ajali za kila aina ziliua watu 107,000 nchini humo. Kilichowashangaza wengi ni habari nyengine iliyokuwemo ndani yake: takriban nusu ya huduma za kubeba wagonjwa nchini kote zilikuwa mikononi mwa wenye biashara za mazishi. Sababu ilikuwa nyepesi, nayo ni kwamba gari zao ndizo zilizokuwa na nafasi ya mtu kulala. Gari ile ile iliyombeba maiti asubuhi ilimbeba mgonjwa jioni, na aliyeiendesha hakufundishwa lolote zaidi ya kuendesha.

Katika mji wa Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, kazi hiyo ilifanywa zaidi na polisi. Walikuja wawili, wakamlaza mgonjwa nyuma, kisha wote wawili wakakaa mbele. Mtaa wa Hill District, uliokaliwa na Wamarekani weusi, ulikuwa na malalamiko makubwa zaidi, maana huko polisi walichelewa, na pengine hawakuja kabisa.

Hapo ndipo walipokutana watu wa aina tatu. Wa kwanza alikuwa Bwana Phil Hallen, mkuu wa mfuko mmoja wa misaada ya afya, ambaye katika ujana wake aliwahi kuendesha gari ya wagonjwa. Wa pili alikuwa Dkt. Peter Safar, mzaliwa wa Vienna, bingwa wa dawa za usingizi na mmoja wa waliothibitisha katika miaka ya 1950 kuwa pumzi ya mdomo kwa mdomo yaweza kumrudisha mtu aliyeacha kupumua. Mwaka 1966 Dkt. Safar alimpoteza binti yake mdogo kwa ugonjwa wa pumu, na tangu hapo hakuacha kushughulikia suali la nini kinafanyika kabla mgonjwa hajafika hospitali. Wa tatu walikuwa vijana wa mtaa wenyewe, kupitia jumuiya iliyoitwa Freedom House, yaani Nyumba ya Uhuru, ambayo hadi wakati huo shughuli yake ilikuwa kuwatafutia watu wa mtaani kazi na kuwapelekea vyakula kwa gari.

Kundi la mwanzo lilikuwa na vijana wapatao 25. Wengi hawakuwa na kazi, baadhi hawakumaliza sekondari, na baadhi walikuwa wamerudi kutoka vita vya Vietnam. Dkt. Safar aliwapa mafunzo ya saa 300: maumbile ya mwili na namna unavyofanya kazi, kufungua njia ya pumzi, kubana kifua, uuguzi, na uendeshaji wa gari kwa hadhari. Mwaka 1968 walianza kazi, na katika mwaka wao wa kwanza waliitikia simu zaidi ya 5,800. Watu walioitwa hawafai kuajiriwa wakawa ndio wanaojua kumhudumia mgonjwa mahututi njiani kuliko karibu mtu yeyote katika nchi yao.

Naomba tuizingatie nambari ile ya saa 300. Sitauliza hapa hadharani nani katika sisi aliingia kazini kwa saa ngapi, maana najua baadhi ya majibu yataniaibisha mimi niliyewahi kuandika kuwa “watumishi wamepatiwa mafunzo ya kutosha” bila ya kuuliza kutosha huko kumepimwa kwa kipimo gani. Kila mmoja ajijibu mwenyewe.

Mwaka 1974 Dkt. Nancy Caroline, daktari kijana, aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa tiba wa huduma ile. Uongozi wake ndio ulionifanya niichague hadithi hii. Hakuongoza kwa simu wala kwa waraka. Alipanda gari pamoja na wahudumu, akaenda nao mitaani usiku, akaona wanachokosea na wanachokipatia, na mafunzo ya kesho yake aliyatoa kutokana na safari ya jana. Vijana wale walijifunza hata kupitisha mpira wa pumzi kooni mwa mgonjwa akiwa bado nyumbani kwake, jambo ambalo wakati huo lilihesabiwa kuwa la madaktari wa ndani ya hospitali. Mtaala uliotokana na kazi hiyo ukawa msingi wa mtaala wa taifa wa wahudumu wa dharura wa Marekani, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1979 kimesomeshwa kwa miaka mingi katika nchi nyingi.

Sasa nakuja kwenye sehemu inayouma. Serikali ya mji iliamua kuanzisha huduma yake yenyewe, na tarehe 15 Oktoba 1975 Freedom House ilifungwa. Dkt. Caroline alishikilia kuwa watumishi wa zamani wachukuliwe, na wakachukuliwa. Lakini walipofika huko uzoefu wao haukuhesabiwa. Walipewa mitihani mipya, wakawekwa chini ya watu waliokuwa na uzoefu mdogo kuliko wao, na wengine wakapangiwa kazi zisizowahusisha na mgonjwa. Mmoja mmoja wakaondoka. Elimu iliyoigharimu jamii ile miaka minane ya jasho ikatawanyika, si kwa sababu gari zilikufa, bali kwa sababu waliokuwemo hawakuonyeshwa ngazi ya kupanda.

Wachache walibaki. Bwana John Moon alikuwa mhudumu wa wodi hospitalini, kazi yake kusukuma vitanda, siku alipowaona wahudumu wawili wa Freedom House wakiingia na mgonjwa huku wakitoa maelezo kwa ujuzi na wakisikilizwa. Akajiunga nao mwaka 1972. Alivumilia mageuzi yale, na akapanda hadi kuwa msaidizi wa mkuu wa huduma za dharura za mji ule ule. Bwana Mitchell Brown, aliyetoka kundi hilo hilo, alikuja kuwa mkurugenzi wa usalama wa raia katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio. Ni wazi basi kuwa vipaji vilikuwepo. Nami hujiuliza waliondoka wangapi waliokuwa sawa nao, wasiokuwa na uvumilivu wa namna hiyo tu. Na kwa nini mtumishi mzuri alazimike kuwa mvumilivu kupita kiasi ndipo abaki?

Nilisema nitarudi kwa njia ya Nairobi. Dkt. Caroline alikwenda kufanya kazi Israel, na katika miaka ya 1980 alikuja Kenya, akafanya kazi na huduma ya madaktari wa ndege ya AMREF, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1957. Kwa hivyo mtu aliyejifunza uongozi nyuma ya gari za mtaa ule aliwahi kufika katika anga yetu, akiwafuata wagonjwa mahali ambapo barabara imekwisha.

Ndugu zangu, hapa kwetu barabara huisha mapema, na mara nyengine haijaanza. Mgonjwa wa Tumbatu au wa Kojani hupanda chombo kwanza ndipo aione gari. Nahodha anayeamshwa usiku, akatazama maji yalivyo, akakubali kuvuka na mama mwenye uchungu, naye yumo katika huduma ya dharura ingawa hayumo katika ikama. Sikumwona katika orodha ya walioalikwa leo, nami naomba mkutano ujao akumbukwe.

Kwa upande wa Jamhuri ya Muungano yapo mambo ya kutia moyo. Mwaka 2010 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua idara kamili ya tiba ya dharura, na chuo kikuu chake kikaanza kusomesha madaktari bingwa wa fani hiyo. Mwaka 2022 ulizinduliwa kitaifa mfumo wa m-mama wa kuwasafirisha kwa dharura wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, ambao pale gari ya wagonjwa inapokosekana humtumia dereva wa kawaida wa jamii aliyeandikishwa na kulipwa kwa safari. Huko nje, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani katika mwaka 2019 ulipitisha azimio la kuzitaka nchi wanachama kuimarisha mifumo ya huduma za dharura, na mwaka mmoja kabla yake Shirika la Afya Duniani lilitoa mafunzo ya msingi ya huduma hizo, yaliyotayarishwa kwa ajili ya sehemu zenye vifaa vichache kama zetu.

Kwa hivyo daktari wa dharura leo anayo ngazi. Akianza chini anajua juu kuna nini. Lakini tukishuka kutoka kwa daktari hadi kwa dereva, ngazi hupungua vidato, na mwisho hubaki ukuta mtupu. Dereva aliyebeba wagonjwa kwa miaka 15, anayejua kwa kusikia mlio wa pumzi tu kuwa safari hii haina muda, ameandikwaje katika jalada lake? Ameandikwa dereva. Akihamishiwa kwenye gari ya kubebea samani za ofisi, kwa mujibu wa karatasi hakuna kilichopotea. Mimi sitaki kuingilia kazi za wenzetu wa Utumishi, wao wana taratibu zao. Nasema tu kuwa muundo wa utumishi usiomtofautisha mwenye kubeba samani na mwenye kubeba roho unasubiri kumpoteza yule wa pili.

Viongozi wa zamu mnaweza kuniambia kuwa muundo wa utumishi hauandikwi na nyinyi. Ni kweli. Lakini kuna karatasi moja iliyo mikononi mwenu, nayo ni ripoti ya mwaka ya mtumishi. Nimezisoma kadhaa kutokana na kazi yangu. “Ni mtiifu na anafika kwa wakati.” Mtumishi aliyemzalisha mwanamke ndani ya gari kati ya Makunduchi na mjini, mama na mtoto wakafika salama, ameandikiwa kuwa anafika kwa wakati! Andikeni alichokifanya. Andikeni kuwa anajua kubana kifua, kuwa amewafundisha wenziwe wawili kufunga mfupa uliovunjika, kuwa alikaa na familia. Siku nafasi ya masomo ikitokea, mwenye kuchagua hatakuwa na kitu cha kusoma ila hicho mlichokiandika.

Sasa nizungumzie afya ya watumishi wenyewe. Hapa nitakawia kidogo.

Wanaojua kubana kifua wananambia kuwa kanuni yake ni kubana kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha kiasi cha sentimita 5, na kwamba wakiwepo watu wawili wabadilishane kila baada ya dakika 2. Niliuliza kwa nini dakika 2. Nikajibiwa kuwa baada ya hapo mbanaji hudhani bado anabana sawasawa, kumbe mikono imekwisha nguvu na kina kimepungua, na yeye mwenyewe hana habari. Jawabu hilo lilinikaa moyoni. Waliotunga kanuni hawakumuuliza mbanaji kama amechoka, kwa sababu walijua atasema hajachoka. Waliweka saa. Ajabu ni kwamba tunaukubali udhaifu wa mwanaadamu kwa dakika 2, tukaukataa kwa miaka 20.

Chukueni usingizi. Utafiti uliochapishwa tangu miaka ya 1990 umeonyesha kuwa mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo, wepesi wake wa kutambua na kuchukua hatua hushuka kufikia kiwango cha mtu aliyekunywa ulevi. Hakuna kati yetu atakayekubali mgonjwa wake aendeshwe na mlevi. Lakini dereva aliyeamka alfajiri, akafanya kazi mchana kutwa, kisha akaombwa “amalizie” zamu ya mwenziwe anayeumwa, akatoka Micheweni kwenda Chake Chake saa sita za usiku, huyo tunamsifu kwa kujitolea. Mimi mwenyewe nimeshawahi kuandika sifa za namna hiyo. Kumbe niliyekuwa nikimsifu alikuwa hatarini, na waliokuwemo nyuma yake pia.

Yapo na maradhi ya mgongo kwa kubeba machela katika ngazi nyembamba za nyumba za Mji Mkongwe, ambayo mnayajua na sina haja ya kuyarefusha. Kubwa zaidi ni lile lisiloonekana. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza katika orodha yake ya kimataifa hali ya uchovu uliokithiri unaotokana na kazi: mtu huishiwa nguvu, akaichukia au akajitenga na kazi aliyokuwa akiipenda, na tija yake ikapungua. Shirika halikuuita ugonjwa. Liliuita hali inayotokana na shida ya kazini isiyodhibitiwa ipasavyo. Mwenye kudhibiti shida ya kazini ni nani? Ni uongozi.

Visiwa vyetu vimeonja misiba mikubwa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander I, iliyojaa watu kupita kiwango chake, ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Tarehe 18 Julai 2012 ikazama Skagit, karibu na Chumbe, ikitokea Dar es Salaam. Wengi wenu mliomo humu ukumbini mlikuwa kazini siku hizo, na sitawaeleza mlichokiona.

Nitaeleza la mtu mmoja, dereva, ambaye jina lake silitaji, wala ofisi aliyokuwepo. Baada ya moja ya misiba hiyo alibeba maiti kwa siku mbili bila ya kupumzika. Siku ya tatu alirudi kwenye kazi zake za kawaida. Hakuna aliyemwambia neno, na wala yeye hakusema neno. Baada ya miezi michache akaanza kulalamika kuwa gari inanuka. Akaiosha. Akaiosha tena. Wenziwe walipita na kumtania kuwa anaitayarisha kwa harusi. Kisha akawa haonekani zamu za usiku. Mchana anafika, usiku hafiki.

Ofisi ikaamua aandikiwe barua ya kujieleza. Kwa kuwa mkono wangu unasifiwa, barua hiyo niliandika mimi. Niliitunga kwa ufasaha, aya nne, nikataja vifungu vya kanuni na neno “utoro” mara tatu. Jawabu lake lilikuwa mstari mmoja: “Sina maelezo.” Kwa ofisi hiyo ilikuwa dharau, naye akapewa onyo. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa ameacha kazi.

Mwaka mmoja baadaye nilimkuta sokoni akiuza samaki. Alinichagulia mtungo mzuri wa changu, akanipunguzia bei. Nikataka kumwomba radhi, maneno yakanishinda, mimi ninayeishi kwa maneno. Yeye ndiye aliyeanza.

“Bwana Habari, ile gari bado ipo?”

Nikamwambia ilishauzwa kwa mnada.

“Aliyeinunua aioshe vizuri,” akasema, na akamgeukia mteja mwengine.

Nilipokuja kuwauliza wataalamu, walinieleza kuwa mtu huyu hakuwa mtoro. Alikuwa mgonjwa wa alichokiona, na angeweza kusaidiwa. Nilidhani msaada ungekuwa kumkalisha mara moja na kumtaka asimulie kila kitu, atoe moyoni. Wakanambia siyo. Jambo hilo lilikuwa likifanywa sana katika nchi nyengine tangu miaka ya 1980, watumishi wakikusanywa baada ya tukio na kutakiwa wasimulie, lakini tafiti zilipopimwa pamoja hazikuonyesha kuwa linakinga maradhi, na katika baadhi lilizidisha. Shirika la Afya Duniani nalo halilipendekezi.

Kinachofaa ni kidogo kuliko hicho, na kwa hivyo hakuna udhuru wa kutokifanya. Mtu aliyetoka kwenye safari nzito apumzishwe kabla ya safari nyengine. Apewe maji, chai, mahali pa kukaa. Akitaka kusema asikilizwe, asipotaka asilazimishwe. Kiongozi wa zamu amuulize hali yake siku hiyo, kisha, na hapa ndipo tunapopungukiwa, amuulize tena baada ya wiki, na baada ya mwezi, wakati watu wote wameshasahau. Akiona halali, hali, anaruka kwa mlio mdogo, anakwepa njia fulani au anaosha kilichokwisha kuoshwa, ampeleke kwa daktari wa maradhi ya akili kama vile angempeleka aliyevunjika mkono, na ukumbi usijue. Khofu ya kuitwa mwendawazimu ndiyo inayowafunga midomo wanaume wetu, na wanawake pia. Kiongozi mwenye kutania mbele ya watu ameufunga mlango huo kwa miezi.

Baadhi yenu mtasema kuwa watumishi ni wachache, na atakayempumzisha mmoja atamchosha mwengine. Sina jawabu kamili la hilo na sitajifanya ninalo. Ninachojua ni kuwa ofisi ile haikumpumzisha dereva kwa siku mbili kwa sababu ya uchache wa watu, ikamkosa kwa maisha yake yote yaliyobaki ya utumishi.

Ndugu Mwenyekiti, kwa upande wa ukurasa wetu nimeshaomba idhini na nimeipata. Kuanzia toleo lijalo, kila taarifa ya kupokelewa gari ya wagonjwa itataja, kwa ridhaa yao, watakaofanya kazi ndani yake, vyeo vyao na mafunzo waliyoyapata. Kama mafunzo hayajatolewa, mstari huo utaachwa wazi na utachapishwa hivyo hivyo. Nimenambiwa kuwa baadhi ya wakubwa hawatapendezwa na mstari mtupu.

Vile vile nimeleta madaftari, moja kwa kila kituo, niliyoyapiga mistari mwenyewe jana usiku. Yana safu ya jina, ya tarehe ya safari nzito, na safu tatu za kutia alama kuwa mtu ameulizwa hali yake: siku ile, baada ya wiki, na baada ya mwezi. Hakuna safu ya kuandika alichojibu, hilo libaki baina yao. Nimeyaweka pale mezani kwa Katibu, na viongozi wa zamu wa Pemba nawaomba wachukue yao mapema kabla ya kuiwahi boti.

Naona wauguzi wakuu wameshaingia na machela kwa ajili ya mazoezi ya kubeba yanayofuata, nami nimeambiwa kuwa leo mgonjwa nitakuwa mimi.